Land Rover ya mjomba: shajara ya kutu, Tanga, Januari hadi Mei 2025

11 Januari

Gari limefika. Tumelivuta kwa kamba kutoka Kigombe mpaka uani kwangu Chumbageni, na breki zake njia nzima zilikuwa dua za aliyeshika usukani, yaani mimi.

Ni Land Rover 109 Series III, pikapu ya mwaka 1978, injini ya petroli ya lita 2.25. Mjomba alilibebea samaki miaka na miaka: makasha ya mbao, barafu iliyopondwa, na maji ya chumvi yakichuruzika nyuma kila safari. Barabara ya Pangani enzi zile ni udongo mwekundu mtupu, na usiku gari linalala hatua chache kutoka pwani. Mtu akitaka kuozesha chuma kwa makusudi asingepanga vizuri zaidi.

Majirani wamekuja, wamelizunguka, wamelipiga makofi ubavuni, wakasema halina shida, bodi nzima. Ni kweli, bodi nzima. Ni ya aluminiamu. Gari hili lilipoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1948, Uingereza ilikuwa bado inagawa chuma kwa mgao baada ya vita, aluminiamu ikawa ndiyo inayopatikana. Lakini chasisi, mifupa ya chini inayobeba gari zima, ni chuma. Ukuta unaotenga injini na miguu ya dereva ni chuma. Hata fremu zilizofichwa ndani ya milango ni chuma. Kwa hiyo Land Rover hukudanganya: linang'aa juu huku chini limebaki vumbi lililoshikana kwa mazoea.

12 Januari

Siku ya nyundo. Nimelala chini ya gari tangu asubuhi, miwani machoni, nyundo ndogo mkono mmoja na bisibisi kubwa mkono wa pili. Chuma kizima ukikigonga kinalia. Kilichooza kinajibu kama boga. Palipo pazima nachora duara kwa chaki, palipo pabovu msalaba. Kufika adhuhuri chaki imeisha, na si kwa kuchora maduara.

Boriti ya nyuma, ile inayofungiwa ndoano ya tela, imekwisha. Bisibisi imezama mpaka mpini. Mikono miwili inayotoka kwenye chasisi upande wa kulia kushika bodi imeliwa kwa chini. Sakafu ya miguu ya dereva haipo, kuna kipande cha mbao kilichokatwa vizuri sana na kupakwa rangi ya gari.

Kilichonishangaza ni lami. Chasisi ya gari hili ni sanduku refu la mabamba yenye unene wa milimita 2 hivi, yaliyounganishwa kwa kulehemu, na mjomba aliipaka lami yote, nene, kwa mikono yake. Nilipoiona mara ya kwanza nilimshukuru. Leo nimeingiza patasi pembeni, ikabanduka kwa kipande kirefu kama ganda la muhogo, na chini yake pabichi. Kule Kigombe gari lilikaa mwezi mzima chini ya banda la makuti na bado ni pabichi. Lami ilipasuka mahali fulani, maji yakaingia, yakakosa pa kutokea.

Kutu inataka chuma, maji na oksijeni, basi. Chumvi si sharti, ila inayafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi, na kutu yote ni kazi ya umeme mdogo mdogo unaotembea kwenye uso wa chuma. Tena kutu huvimba: nafasi inayochukua ni kubwa mara kadhaa kuliko ile ya chuma ilichokula, kwa hiyo inanyanyua rangi yenyewe na kujifungulia mlango wa maji mengine. Hii ya nje ninayoiona siiogopi. Ninayoifikiria usiku ni ile iliyo ndani ya sanduku.

18 Januari

Kuosha. Najua haionekani kama kazi ya kuandika kwenye shajara, lakini imekula siku nzima na nadhani ndiyo kazi kubwa kuliko zote.

Chasisi ina matundu ya kutolea maji kwa chini. Nilikuwa nayasikia tu. Sikuwahi kuyaona, kwa sababu yote yalikuwa yamezibwa kwa udongo uliokauka ukawa tofali. Nimeyafungua kwa nondo nyembamba iliyochongwa ncha. Tundu la kwanza lilipopata hewa, ulitoka uji mwekundu kwa dakika nzima, kisha vipande vya kutu vikubwa kama ukoko wa wali, kisha mgongo wa samaki. Mgongo mzima. Sijui uliingiaje.

Somo ghali: saa ya kwanza niliosha kwa maji ya kisima changu. Dada yangu akatoka jikoni akauliza, mbona maji hayo hata chai hatupikii kwa chumvi yake, wewe unaoshea chuma? Nikasimama na mpira mkononi kama mjinga. Visima vingi vya huku kwetu karibu na bahari ni vya maji ya chumvi, na watu wengi, mimi nikiwemo, tunaosha magari kwa maji hayohayo kila Jumamosi na kujiona tumetenda wema. Nimeanza upya kwa maji ya bomba, mapipa matatu, ndani na nje, mpaka yanayotoka kwenye matundu yakawa meupe. Kisha kompresa ya kuazima, kupuliza hewa ndani mpaka jioni.

25 Januari

Nimeshuka Deep Sea, soko la samaki, kutafuta sifa.

Kwa msomaji wa bara: sifa ni mafuta ya samaki, hasa ya ini la papa, yanayopakwa mbao za vyombo visipasuke wala kuoza. Chini ya maji chombo hupakwa deheni, mafuta yaliyochanganywa na chokaa. Nimekulia kwenye harufu hiyo.

Nikamkuta mzee amekaa kwenye kivuli anashona wavu. Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu, unatafuta changu au kolekole? Natafuta sifa. Una ngalawa? Nina gari. Akaweka wavu chini kabisa ili acheke vizuri.

Alipomaliza, akaniambia neno ambalo nimerudi nalo nyumbani. Alisema chombo hakiozi kwa bahari. Kinaoza kwa maji ya mvua yaliyolala ndani yasipakuliwe. Kwa mbao ni kweli tupu, chumvi inaihifadhi mbao na maji yasiyo na chumvi ndiyo yanayoiozesha. Kwa chuma, upande wa chumvi ni kinyume chake. Lakini ile nusu ya pili, maji yaliyolala ndani, hiyo ni hadithi ya chasisi yangu neno kwa neno.

Na wala gari na mafuta ya samaki si ndugu wa mbali sana. Kampuni ya rangi ya Rust-Oleum ya Marekani, iliyoanza mwaka 1921, ilitokana na nahodha, Robert Fergusson, aliyeona kwamba pale mafuta ya samaki yalipomwagika kwenye sitaha ya chuma, kutu ilisimama. Mzee wa Deep Sea angemwuzia lita kwa bei nzuri.

Jioni nimekata vipande vitano vya bamba la chuma, nimevisugua vikang'aa, nikavitundika kwenye uzio wa rafiki yangu Raskazone, upande wa bahari. Cha kwanza kitupu. Cha pili oili chafu ya injini, kama wanavyopenda mafundi wetu. Cha tatu sifa. Cha nne mafuta mapya ya gia yaliyochanganywa na grisi. Cha tano redoksaidi, ile rangi nyekundu ya kutanguliza kwenye chuma, peke yake, bila rangi ya juu. Tutaonana baada ya mvua.

1 Februari

Leo vipande vidogo: vishikio, sahani za bolti, bawaba. Kuvisugua kimoja kimoja kwa brashi ya waya ni kujitafutia maradhi ya bega, kwa hiyo nimetumia umeme na magadi.

Magadi yaleyale ya kulainishia maharage. Ni chumvi ya sodiamu ya jamii ya kaboneti, na ndiyo inayotakiwa ili maji yapitishe umeme bila kushambulia chuma. Ndoo ya plastiki ya lita 20, magadi vijiko vitano vya mezani, koroga yayeyuke. Kipande chenye kutu kinaning'inia katikati na kufungwa kwenye waya hasi wa chaja ya betri ya volti 12. Pembeni kinakaa chuma cha kutupa, mimi nimetumia vipande vya nondo, na kwenye hicho ndiko unakofungwa waya chanya. Visigusane. Washa, subiri, utaona povu linapanda kutoka kwenye kipande chako.

Povu hilo ni hidrojeni, inawaka. Ndoo ikae nje, sigara ikae mbali, na chaja izimwe kwanza kabla ya kugusa waya. Upande wa chanya usiweke chuma kisichoshika kutu, kama kijiko cha stenlesi, kwa sababu kuna sumu ya kromiamu itakayobaki majini. Chaja iwe ya zamani, nzito. Hizi mpya zenye akili zinatafuta betri, zisipoiona zinagoma.

Baada ya muda wa saa sita kishikio cha kwanza kimetoka cheusi. Ukisugua kwa brashi ya nailoni, uji mweusi unaondoka na chini yake kuna chuma, pamoja na alama za kiwandani ambazo sikujua zipo. Uzuri wa njia hii ni kwamba inakula kutu na kuacha chuma kizima.

2 Februari

Isipokuwa ukigeuza nyaya. Mpwa wangu alibadilisha kipande usiku, akafunga nyekundu kwenye bawaba kwa kuwa "nyekundu ndiyo yenye moto, mjomba." Bawaba sasa ni nyembamba kama ya kabati la dawa, na nondo zimetakata vizuri sana. Simlaumu, sikumwandikia. Sasa imeandikwa kwenye ndoo kwa rangi: HASI = KITU CHAKO.

Bolti ndogo nimeziloweka kwenye maji ya ndimu usiku kucha, kisha kuzitumbukiza kwenye magadi ili kuua tindikali. Zinatoka safi. Vyuma vya springi sitavigusa kwa tindikali wala kwa ndoo. Chuma kigumu cha aina ile hunywa hidrojeni kikawa chepesi kukatika, na springi ya Land Rover si mahali pa kujaribia.

8 Februari

Fundi wa kulehemu amekuja na mtungi wake wa maneno. Wazo lake la kwanza lilikuwa kiraka juu ya pale palipotoboka. Nikamwonyesha kipande nilichokata kwa grainda jana: ndani yake tumehesabu viraka vitatu, kimoja juu ya kingine, na kati ya kila kiraka kuna kutu kama unga wa chokoleti. Chini kabisa, kwa ajili ya ulaini, bodifila, ule uji wa kuzibia bodi unaokauka ukawa mgumu. Bodifila hunyonya unyevu; ukiiweka juu ya tundu umeweka sifongo. Fundi alikishika kile kipande muda, akakigeuza, akasema, "Hii kazi ya tatu ni yangu. Mwaka 2009." Tumecheka wote, na baada ya hapo hakubisha tena.

Kanuni tuliyokubaliana: kata mpaka ufike kwenye chuma kinachotoa cheche nyeupe na kelele safi, hata kama tundu litakuwa kubwa kuliko ulivyopanga. Kipande kipya kikae ukingo kwa ukingo na cha zamani, kisipande juu, kwa sababu pale kinapopanda panakuwa na mfuko, na mfuko ni nyumba ya maji. Kulehemu kipande kifupi huku, kisha kifupi kule, bamba lisipinde kwa joto. Tangi la petroli, ambalo katika pikapu hii liko chini ya kiti, lilishatolewa na kupelekwa nyuma ya nyumba. Nyaya za altaneta nimezifungua.

Fundi alileta bamba la chuma lenye utando wa zinki kwa mikono ya chasisi. Ni zuri, lakini likichomelewa linatoa moshi mweupe unaoleta homa ya jioni, mwili kutetemeka kama wa malaria. Tumesaga zinki yote kandokando kwanza. Ameagiza maziwa nusu lita "ya kuosha kifua." Maziwa yanashuka tumboni, moshi unakwenda mapafuni, sijui wanakutania wapi, lakini nimeyalipia na tumefanyia kazi nje kwenye upepo wa kaskazi.

9 Februari

Boriti ya nyuma imeingia, mpya, na kwa mkono wangu nimetoboa matundu mawili ya kutolea maji ambayo ya zamani haikuwa nayo. Fundi aliniangalia kama mtu anayetoboa sufuria mpya.

Jioni tulichoka tukaacha chuma kitupu. Ndilo kosa la mradi huu.

10 Februari

Alfajiri boriti yote ni ya rangi ya chungwa. Usiku mmoja! Chuma kilichosuguliwa karibu na bahari hakina subira, kwa sababu umande ukishuka unakikuta uchi. Nimesugua tena kuanzia mwanzo, saa nne za kazi. Tangu leo ninachokisugua siku hii kinapakwa siku hii.

15 Februari

Rangi. Nimejifunza kutopaka asubuhi. Chuma kilicholala nje kina jasho hata kama mkono wako haulihisi, na kinapaswa kuwa na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, la sivyo unafungia maji chini ya rangi, na hapo nitakuwa nimerudi kwenye lami ya mjomba. Tulianza saa nne, tukaacha saa tisa.

Kwanza nimefuta kwa thina na kitambaa safi, kitambaa kikatupwa kila kilipochafuka. Kwenye chuma kitupu nimeweka rangi ya zinki. Hii inafanya kazi kwa kujitoa mhanga: zinki ndiyo inayoliwa badala ya chuma, lakini ni lazima igusane na chuma chenyewe. Ukiipaka juu ya kutu au juu ya redoksaidi umenunua rangi ya kijivu tu. Juu yake praima, juu ya praima rangi mbili nyeusi za mafuta. Kwenye pembe na kwenye maungio nimetangulia kwa brashi kabla ya kupuliza, maana rangi hukimbia ncha ikaacha utando mwembamba, na kutu inaanzia hapohapo.

Sehemu ambazo brashi haifiki vizuri na kutu ni nyembamba iliyoshikana nimepaka dawa ya tanini, ile inayogeuza kutu kuwa nyeusi. Ni kemia ileile ya chai ya rangi kuwa wino ukiiacha kwenye sufuria yenye kutu. Tanini tunayo wenyewe: Njombe wanaikamua kutoka magome ya miwati, na magome ya mikoko ya huku pwani yalisafirishwa zamani kwa ajili ya tanini hiyohiyo, ya kutengenezea ngozi. (Usiende kuchuna mikoko kwa sababu ya gari bovu.) Dawa hiyo haina msaada kwenye kutu inayobanduka kama maganda. Hapo ni patasi.

8 Machi

Ramadhani, kazi ni za asubuhi na nyepesi. Milango.

Chini ya milango kuna unga mweupe, na bodi imetoka vipele. Hiyo ni aluminiamu, nayo ina "kutu" yake. Aluminiamu ikigusana na chuma, katikati pakiwa na maji ya chumvi, inakuwa kama betri, na anayeliwa ni aluminiamu. Kwenye karoseri ya nyuma, lile sanduku la mizigo, kila palipolala juu ya boriti ya chuma pameliwa hivyo.

Dawa ni kuzitenganisha. Nilifikiria mpira wa tyubu, nikaacha, kwa kuwa mpira mweusi una masizi ndani yake na masizi yanapitisha umeme kidogo. Nimekata vipande vya dumu la mafuta ya kula, la njano, nikaviweka kati ya karoseri na boriti kama kandambili. Bolti nimeweka za zinki zenye grisi. Ukichungulia kwa nyuma unaona ukanda mwembamba wa njano. Mpwa anasema ni urembo.

22 Machi

Ndani ya chasisi. Ilibidi kungoja rangi ikomae kabisa, na sikutaka masika yatukute.

Bomba la kunyunyizia dawa shambani, mpira mwembamba wa mita mbili, mwishoni nimeuziba na kuutoboa pembeni kwa sindano ya moto ili unyunyize pande zote. Ndani: mafuta mapya ya gia, na grisi iliyolainishwa kwa kuwekwa kopo ndani ya sufuria ya maji moto, si juu ya moto wenyewe. Unaingiza mpira kwenye tundu la mwanzo mpaka uishe, unapampu huku unauvuta taratibu. Mafuta yakianza kudondoka kwenye kila tundu la chini, imetosha. Niliweka magunia na mabeseni, ua haujachafuka sana.

Ndani ya boriti ya nyuma, kwa heshima ya Deep Sea, nimeweka sifa.

23 Machi

Paka wanane chini ya gari.

12 Aprili

Masika imekaa sawasawa. Nimepita Raskazone kuchukua vipande vyangu.

Kitupu kimekuwa chekundu na kina magamba. Chenye oili chafu kimenishangaza kwa ubaya wake: mvua imeisafisha oili ikabaki milia, na kati ya milia kutu imejaa. Nilikuwa nina sababu nyingine za kutoipenda, ina tindikali za mwako, inaharibu mipira ya gari, si salama kwenye ngozi, na kila tone linaishia ardhini. Sasa nina ya macho pia. Redoksaidi peke yake ina vidoti vya kutu kila mahali. Ile ni ya kuwekwa chini ya rangi, si ya kusimama peke yake mvuani. Mafuta ya gia na grisi yamebaki vizuri isipokuwa kwenye ncha. Sifa imekuwa ngozi ya kahawia inayonata, na chini yake, nilipoifuta kwa thina, chuma bado kinang'aa. Kipande kimoja si ushahidi wa mahakamani, lakini nimerudi sokoni kununua lita mbili nyingine. Mzee akauliza, lile jahazi lako lina matairi mangapi?

10 Mei

Gari limetembea. Chumbageni mpaka Amboni na kurudi, mvua njia nzima, sakafu ya dereva ikiwa ya chuma kwa mara ya kwanza tangu sijui lini. Breki sasa ni breki.

Sikuingia ndani nilipofika. Nimevua viatu, nikatandika gunia, nikalala chini kuangalia matundu. La kwanza linadondoka, maji meupe yenye mviringo wa mafuta. La pili, la tatu, yanadondoka. Boriti ya nyuma inachuruzika pande zote mbili, paka mmoja anaikingia ulimi.

Tundu la nne kushoto halitoi kitu. Waya nimeuacha pembeni ya mlango, kesho asubuhi naanzia hapo.